Maji ya Mlima na Maana ya Uzee: Desturi za Uzima Katika Nchi ya Meru

Katika Kiswahili mtu aliyevuka ujana huitwa mtu mzima, na neno hilo hilo hutumika kwa mtu asiyeugua na kwa chungu kisicho na ufa. Lugha yenyewe, basi, huuhesabu umri kuwa ni kutimia na wala si kupungua. Lakini lugha hiyo hiyo inalo neno jingine, uzee, ambalo limebebeshwa mambo yasiyo ya namna moja: heshima, busara, mvi, mgongo uliopinda, magoti yasiyokunjika. Katika nchi inayouzunguka Mlima Meru maneno haya mawili yameishi pamoja kwa muda mrefu, na historia ya desturi za uzima katika nchi hiyo haielezeki vema pasipo kuyatenganisha.

Mlima Meru una kimo cha zaidi ya mita 4,500, nao ni wa pili kwa urefu katika Tanzania baada ya Kilimanjaro. Ni mlima wa moto uliolala. Mlipuko wake wa mwisho, nao ulikuwa mdogo, ulitokea mwaka 1910. Katika miteremko yake ya kusini na mashariki wanakaa Wameru, ambao lugha yao ni ya jamaa moja na Kichaga cha upande wa Machame. Na upande wa magharibi na kusini-magharibi wanakaa Waarusha, wasemao Kimaasai, ambao wazee wao walipanda kutoka Arusha Chini karibu na mwaka 1830. Makabila haya mawili yalipigana, yakaoana, yakaazimana desturi, hata mambo mengi yakawa mamoja kwao. Wote wawili walichagua ukanda ule ule wa mlima: chini ya msitu na juu ya mbuga.

Uchaguzi huo ndio uliokuwa hekima ya kwanza ya uzima. Juu, baridi na ukungu wa msitu haviruhusu migomba kuzaa vizuri. Chini, mbuga zilijulikana kuwa makao ya homa, na mifugo ilipata maradhi huko. Katikati palikuwa na mvua ya kutosha, udongo mweusi uliotokana na majivu ya mlima, na vijito visivyokauka. Watu walishuka mbugani kwa kulima mahindi na maharagwe, au kwa kuchunga, kisha wakapanda tena kulala nyumbani. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba homa huletwa na mbu; ilitosha kujua kwamba alalaye chini huugua na alalaye juu huamka salama. Elimu ya namna hii ilipatikana upesi kwa sababu adhabu yake ilikuja upesi. Jambo hilo lafaa kukumbukwa kwa ajili ya yatakayofuata.

Chakula chao kilikuwa cha namna nyingi kuliko wasafiri wengi wa Kizungu walivyodhani walipoona ndizi kila mahali. Ndizi zilipikwa kwa nyama zikawa mtori, nao mtori ulipewa mzazi aliyetoka kujifungua ili arudishe nguvu na maziwa yashuke. Mahindi na maharagwe yalipikwa pamoja yakawa makande. Waarusha walichanganya mahindi yaliyokobolewa na maziwa ya mgando, mara nyingine pamoja na ndizi, wakakiita chakula hicho loshoro. Na hata leo loshoro huuzwa katika mikahawa ya mji wa Arusha kwa watu wa kila kabila. Maziwa yenyewe yaliwekwa katika kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto cha mti uitwao oloirien, ambao ni mzaituni wa porini. Moshi na mkaa wa mti huo huyapa maziwa harufu nzuri, tena huyafanya yasiharibike upesi. Mwanamke aliyezembea kusafisha kibuyu alijulikana mara moja, kwa kuwa maziwa yake yalitoa habari zake kabla yeye hajafungua kinywa.

Pamoja na chakula kulikuwa na mwendo. Mteremko hauna njia tambarare. Kwenda mtoni ni kushuka na kurudi ni kupanda, na aliyerudi aghalabu alikuwa na mzigo kichwani au mgongoni. Kulikuwa pia na kazi ya mifereji, ambayo Wameru na Waarusha walichimba kuyaleta maji mashambani. Kila mwenye zamu alipaswa kutoka na jembe kuzibua mfereji, na asiyetoka alitozwa. Kwa hiyo mzee wa miaka sitini alikuwa bado akipanda na kushuka kama kijana, si kwa shauri la mganga bali kwa sababu maisha hayakumpa njia nyingine.

Jambo hili la mwendo lilipata ushahidi kutoka mahali pasipotazamiwa. Katika miaka ya 1960 daktari Mmarekani, George Mann, pamoja na wenzake, walikuja Tanganyika kuwachunguza Wamaasai, ambao ni ndugu wa Waarusha kwa lugha na kwa desturi nyingi. Walitaka kujua kwa nini watu wanaoishi kwa maziwa na nyama hawapati maradhi ya moyo yaliyokuwa yakiwaua watu wengi Marekani. Habari zao za kwanza zilichapishwa mwaka 1964, nazo zilionyesha kwamba mafuta katika damu ya Wamaasai yalikuwa machache. Mwaka 1972 walichapisha habari za mioyo ya wanaume 50 iliyochunguzwa baada ya kufa. Ndani ya mishipa yao mafuta yalikuwamo, kinyume cha ilivyodhaniwa. Lakini mishipa ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyozidi, hata damu ikapata nafasi ya kupita. Mann alidhani kwamba sababu yake ni ukakamavu wa mwili, yaani kutembea. Wengine wametoa sababu nyingine, na hoja haijafungwa. Ila ni dhahiri kwamba desturi ambayo hakuna mzee aliyeieleza kuwa dawa ilikuwa ikifanya kazi ya dawa.

Kuhusu umri wenyewe, ni lazima kuwa na hadhari. Waarusha, na baadaye Wameru walioiga utaratibu huo kwao, hawakuhesabu miaka ya mtu bali walimtaja kwa rika lake. Aliyekuwa wa rika la Nyangusi alijulikana kuwa mkubwa wa aliye wa rika la Seuri, na hilo lilitosha kwa mambo yote ya heshima, mashauri na urithi. Lakini rika moja lilikusanya watu waliopishana miaka mingi. Ndiyo maana habari za wazee wa miaka 110 au 120, ambazo husimuliwa sana mlimani kama zisimuliwavyo katika milima mingine ya dunia, haziwezi kuthibitishwa wala kukanushwa kwa rika peke yake. Rika lilipima cheo cha mtu katika uzee, halikupima uzee wenyewe. Aliyeingia katika daraja la wazee alitazamiwa kukaa barazani, kusema polepole na kuegemea fimbo. Kama mgongo wake ulikuwa umekaza kabla ya wakati wake, fimbo ilikuwa mahali pake, wala hakuna aliyeuliza.

Hapo ndipo habari ya maji inapoingia.

Majina ya mito ya Meru yanaonyesha jinsi watu walivyoyatazama maji kwa makini. Upande wa mashariki uko mto uitwao Maji ya Chai, kwa sababu rangi yake ni kama ya chai. Upande wa kaskazini-mashariki iko Engare Nanyuki, na kwa Kimaasai maana yake ni maji mekundu. Hii ndiyo Engare Nanyuki ile ambayo Serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru mwaka 1951 ili kuwapa walowezi nafasi ya kufuga ng'ombe, na ambayo kwa ajili yake Kirilo Japhet alisafiri mpaka Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Ardhi ile ilithaminiwa kwa malisho yake na kwa maji yake ya chumvichumvi yaliyopendwa na mifugo. Majina haya, basi, yaliwekwa na watu wenye macho makali. Yalitaja rangi, na wazee walijua pia maji yenye tope, maji yenye wadudu, na maji yenye ladha ya magadi. Ila kulikuwa na kitu kimoja ndani ya maji ambacho hakina rangi, hakina harufu, wala hakina ladha kwa kiasi kinachopatikana humo.

Kitu hicho ni floraidi. Miamba ya Meru, kama ilivyo ya milima mingi ya moto katika Bonde la Ufa, ina floraidi nyingi, na maji yapitayo humo kwa muda mrefu huiyeyusha. Kwa kawaida chemchemi za juu mteremkoni huwa na kiasi kidogo, na kadiri maji yanavyoshuka, au yanavyokaa chini ya ardhi, kiasi huongezeka. Maziwa ya Momella yamezidi kabisa. Shirika la Afya Ulimwenguni limeshauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Katika Maji ya Chai na Engare Nanyuki kiasi hicho kimepitwa mara nyingi.

Floraidi kidogo huyakinga meno yasitoboke. Ikizidi, huyaharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanaumbwa ndani ya taya, tangu kuzaliwa mpaka karibu na mwaka wa nane. Meno hutoka yakiwa na madoa meupe kama chokaa, kisha hugeuka rangi ya kahawia, na mengine humeguka. Mtu mzima aliyefika na meno yake tayari hapati madoa hayo. Lakini mifupa haina mwisho wa kupokea. Anywaye maji hayo miaka ishirini au thelathini huweza kupata maumivu ya viungo, kisha uti wa mgongo hukakamaa, na mwisho wake ni kupinda. Adhabu ya homa ya mbugani ilikuja katika siku chache. Adhabu hii ilikuja katika miaka, tena kwa namna mbili zilizojificha vizuri. Meno ya kahawia yalikuwa ya watu wote, kwa hiyo hayakuwa ugonjwa bali alama ya kwao. Mpaka leo, popote katika Tanzania, mtu mwenye meno hayo huambiwa kwamba ametoka Arusha au Moshi, mara nyingine kwa mzaha unaomfanya afunike kinywa chake anapocheka. Na mgongo uliopinda uliitwa uzee. Neno likafunika maradhi, na kwa kuwa neno lilikuwa la heshima, hakuna aliyetaka kulifunua.

Haifai kuwalaumu wazee kwa hilo. Katika Marekani daktari wa meno Frederick McKay aliyaona madoa kama hayo katika mji wa Colorado Springs mwaka 1901. Aliyashuku maji kwa miaka mingi, lakini vipimo vya wakati ule havikuonyesha kitu, mpaka mwaka 1931 mkemia wa kampuni moja ya aluminiamu, H. V. Churchill, alipoigundua floraidi kwa chombo cha kupimia mwanga. Ikiwa wenye maabara walihitaji miaka 30, mzee wa Akeri au Ilboru asingeweza kuijua kwa ulimi wake.

Huku kwetu uchunguzi uliotangazwa sana ulikuwa wa Paul Grech na Michael Latham, uliochapishwa mwaka 1964 chini ya habari za floraidi katika mikoa ya kaskazini ya Tanganyika. Latham alikuwa mzaliwa wa Kilosa na mtaalamu wa lishe katika Wizara ya Afya. Grech alikuwa mtaalamu wa picha za eksirei. Picha zilifanya kile ambacho macho hayakuweza: ziliutenga uzee na maradhi. Mfupa uliojaa floraidi huonekana mweupe na mzito kuliko kawaida, na mishipa inayoushikilia hugeuka kuwa kama mfupa. Tangu hapo hapakuwa tena na udhuru wa kutojua, angalau kwa wenye mamlaka.

Hata hivyo kujua si kupata njia. Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kuwapelekea watu wote wa vijijini maji safi. Mwaka 1974 kikawekwa kiwango cha muda kwa maji ya vijijini, nacho kiliruhusu floraidi mpaka miligramu 8 kwa lita. Wengi wamekisema vibaya kiwango hicho, na kwa upande wa afya kilistahili. Lakini waliokiweka walikuwa na hesabu nyingine mbele yao. Kama wangeshika 1.5, visima vingi vya kaskazini vingefungwa, na watu wangerudi kwenye madimbwi yenye kipindupindu na kuhara, maradhi yanayoua mtoto kwa siku mbili. Walichagua adhabu inayochelewa badala ya inayowahi. Ni uchaguzi ule ule wa wazee wa zamani, safari hii ukiwa umeandikwa kwa tarakimu. Baadaye kiwango kilishushwa mpaka 4, kisha mpaka 1.5.

Kosa jingine lilitoka jikoni. Makande hayaivi upesi, na kuni ni ghali kwa anayezibeba mwenyewe. Kwa hiyo wapishi hutia magadi, na maharagwe hulainika. Magadi hayo huchimbwa kandokando ya maziwa na katika nyanda za chumvi za kaskazini, nayo huuzwa sokoni kwa fungu dogo la bei ndogo. L. Mabelya na wenzake, katika uchunguzi uliochapishwa katika miaka ya 1990, walionyesha kwamba watoto wa sehemu ambazo maji yake yana floraidi chache walikuwa na meno ya madoa, na kwamba magadi yalihusika. Hapo hekima ya kubana kuni ilikuwa ikilipia gharama mahali pengine. Tena chungu kikichemka muda mrefu maji hupungua na floraidi hubaki.

Hapa pana jambo la kusikitisha kidogo. Tangu misheni za Kilutheri za Leipzig zilipofunguliwa Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, na katika shule na zahanati zote zilizofuata, fundisho kubwa la afya lilikuwa kuchemsha maji. Ni fundisho jema, nalo limeokoa watoto wasiohesabika. Lakini moto hauondoi floraidi. Humwachia mpishi ile ile ndani ya maji machache zaidi. Na maji yaliyochemshwa yalipotiwa majani ya chai, kinywaji ambacho kilienea mlimani wakati wa ukoloni, yalipokea floraidi ya pili, kwa kuwa mchai huikusanya katika majani yake. Desturi mpya iliyofundishwa kwa nia njema iliongeza kile kilichokuwa hakionekani. Maziwa, kwa upande mwingine, yalikuwa kinga bila mtu kujua: ng'ombe hunywa maji yale yale, lakini floraidi kidogo sana huingia katika maziwa yake, na chokaa iliyomo ndani ya maziwa huizuia nyingine isipenye mwilini. Mtoto aliyelelewa kwa kibuyu alikuwa na bahati kuliko aliyelelewa kwa birika.

Isidhaniwe, basi, kwamba hekima ya mlima ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Ilitengenezwa kwa ajili ya mahali pake, yaani ukanda wa kati wenye chemchemi za juu na maziwa mengi. Kilichotokea ni kwamba watu waliondolewa mahali hapo. Wajerumani, ambao walijenga boma la Arusha mwaka 1900, waliwagawia walowezi ardhi chini ya vijiji vya mlimani, na Waingereza wakaendeleza. Wameru na Waarusha wakabanwa baina ya mashamba ya walowezi na msitu wa serikali. Kahawa ikachukua nafasi ya malisho, ng'ombe wakapungua, na wana walipokosa kihamba cha kurithi walishuka mbugani, safari hii si kwa kulima na kurudi bali kwa kukaa. Huko hakuna chemchemi. Kuna visima, na mara nyingi kisima kirefu ndicho chenye floraidi zaidi. Waliondoka na desturi zao zote, mtori, makande, magadi na chai, ila maji yaliyozifanya desturi hizo kuwa salama hayakuondoka pamoja nao.

Juhudi za kusahihisha mambo zimekuwa za namna mbalimbali. Kituo cha Ngurdoto cha kuchunguza uondoaji wa floraidi, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimefanya kazi hasa kwa makaa ya mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa moto mkali wenye hewa kidogo, husagwa, na kuwekwa katika ndoo ambayo maji hupitishwa ndani yake. Mfupa wa ng'ombe huipokea floraidi kama ambavyo mfupa wa mtu ungeipokea. Ni dawa iliyo karibu, katika nchi ya wafugaji isiyokosa mifupa. Lakini ikichomwa vibaya huyapa maji harufu mbaya, na watu huacha kuitumia. Katika Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Nelson Mandela, kilichoko Tengeru, Askwar Hilonga alitengeneza chujio la maji ambalo mwaka 2015 lilipata tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Mji wa Arusha nao umejengewa mradi mkubwa wa maji kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ili visima vipya viletwe kuchanganywa na vile vya zamani. Na wako wanaorudi kwenye njia iliyo rahisi kuliko zote, kukinga maji ya mvua ya bati kwa ajili ya kunywa na kupikia peke yake, ingawa tangi kubwa la kuvuka kiangazi ni mali ya wachache.

Katika hizo zote liko tatizo moja ambalo wahandisi hulijua vizuri na wenye nyumba huchelewa kulijua. Ndoo ya makaa ya mifupa huchoka baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa mfupa umeshiba. Siku inapochoka hakuna kinachobadilika: maji hutoka yakiwa meupe kama jana, yenye ladha ya jana, na mtoto wa miaka mitatu hunywa.